Kwa sheha au polisi? Njia mbili, watu wawili

Msimu mmoja wa karafuu nilipigiwa hodi mara mbili usiku mmoja kwa jambo moja. Wa kwanza alikuja baada ya sala ya isha, bi mmoja mjane wa shehia yetu, eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha. Karafuu zake alizozianika uani, pishi kumi na mbili, zimeondoka pamoja na jamvi lake. Kahawa niliyomtilia hakuimaliza. Saa nne na kitu akaja mwengine, ami wa kijana mmoja ambaye jina lake, la kijana huyo, lilishaanza kutajwa madukani kuwa ndiye mwizi. Alikaa kwenye kiti kile kile bila ya kujua nani ametoka kukikalia. Wote wawili waliniuliza suala moja: "Tulimalize kwa sheha, au liende polisi?"

Nilimpa kila mmoja jibu lake, na majibu hayakufanana. Watu wengi huku Pemba, na Unguja hali kadhalika, huzipima njia hizi mbili kwa haraka na gharama tu: kwa sheha ni karibu na bure, polisi ni mbali na kuna nenda-rudi. Mizani hiyo ina sahani moja. Aliyetendewa na aliyetuhumiwa huingia mlango mmoja lakini hawapewi kitu kimoja, na njia inayomfaa huyu inaweza kumuumiza yule, au ikawaumiza wote wawili bila ya wao kujua. Mimi ni msaidizi wa sheria wa kujitolea, si wakili. Yachukue haya kama mazungumzo ya barazani kabla hujaenda kwa mwenye leseni.

Njia zenyewe

Sheha si hakimu. Sheria ya tawala za mikoa imempa kazi ya kupokea na kusuluhisha migogoro ya jamii na ya familia kwa mila na busara za mahali, na pale inapohitajika kuwaelekeza watu kwenye taasisi zinazohusika. Kipande hiki cha mwisho ndicho kinachosahauliwa. Kikao chenyewe kinajulikana: sheha, wazee wawili watatu, mara nyengine imamu wa msikiti, na pande mbili zimekaa kwenye mkeka mmoja. Kwa siku moja au mbili jambo linakwisha, watu wanapeana mikono, na kama kuna cha kulipwa kinatajwa hapo hapo. Karatasi huandikwa au haiandikwi.

Njia ya pili huanzia kituoni. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini sheria zinazotumika hapa ni za Zanzibar: Sheria ya Adhabu Namba 6 ya 2018 na Sheria ya Mwenendo wa Jinai Namba 7 ya 2018. Polisi wakishapeleleza, jalada huenda Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na ofisi hiyo ndiyo inayoamua kushtaki au kutoshtaki. Baada ya hapo ni mahakama, kwa uzito wa kosa: ya mwanzo, ya wilaya, ya mkoa, au Mahakama Kuu. Nalisema hili la sheria kwa sababu kila mara napata mtu amekuja na kifungu cha Bara alichotumiwa WhatsApp, amekihifadhi kama hirizi. Mwizi ni mwizi pande zote mbili za bahari, lakini vifungu na taratibu ni vyengine.

Kesi ni ya nani

Tofauti kubwa kwa aliyetendewa iko hapa, na wengi huijua wakiwa wameshachelewa. Kwa sheha jambo ni lako. Unaweza kusamehe, unaweza kudai, unaweza kusema nataka jamvi langu tu. Ukishafika mahakamani, jalada linasomeka "Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya fulani", na jina lako halimo kwenye kichwa cha kesi iliyoanza kwa machozi yako. Wewe ni shahidi. Huchagui mwendesha mashtaka, huwezi kuifuta kesi mwenyewe kwa sababu tu mmepatana, na mshtakiwa akiachiwa huwezi kukata rufaa mwenyewe. Ni Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye mwenye uwezo huo. Unaweza kumweka wakili akakaa mahakamani kufuatilia maslahi yako, lakini huyo anasikiliza zaidi kuliko anavyosema.

Kwa aliyetuhumiwa mambo yako kinyume chake. Barazani anapambana na mtaa mzima, na mtaa hauna kanuni. Mahakamani anapambana na Serikali, ambayo ina nguvu kuliko mtaa, lakini imefungwa kamba za sheria mikono yote miwili. Mtuhumiwa anayeogopa mahakama kuliko baraza mara nyingi hajazihesabu kamba hizo.

Kamba hizo zina historia hapa kwetu. Wazee wanazikumbuka Mahakama za Wananchi, ambazo mshtakiwa alisimama mbele yake bila ya wakili. Baada ya kuuawa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972, kesi ya uhaini ilisikilizwa Unguja kuanzia 1973 kwa utaratibu huo huo, na Mwanasheria Mkuu wa wakati ule, Wolfango Dourado, ndiye aliyeshtaki na ndiye huyo huyo aliyetakiwa kuwatetea washtakiwa. Mtu mmoja, kanzu mbili. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ndiyo iliyokuja na sura ya haki za binadamu, na kifungu chake cha 12 kinasema mtu hatotendewa kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa ametenda. Anayesema haki za washtakiwa ni mambo ya kizungu akakae na mzee wa miaka themanini kwa nusu saa.

Mtuhumiwa: alipe yaishe, au asilipe?

Narudi kwa ami yake kijana. Alikuja na hesabu tayari kichwani: karafuu zile zina thamani ya kiasi fulani, familia itachanga, sheha atapatanisha, yaishe. Nikamuuliza suala moja tu. "Kachukua?" Akaniambia, "Anaapa hakuchukua. Na mimi namuamini. Lakini tulipe tu, tusije tukaonekana wabaya."

Sitaki kumcheka, ni hesabu ya watu wema. Lakini nimehudhuria vikao vingi, na sijapata kukiona hata kimoja kilichomalizika kwa kusema: huyu hakutenda, mwacheni. Neno hilo halimo barazani. Hata pale kila mtu anapoona ushahidi hakuna, mwisho huwa "basi tuseme yaishe", na kijana hutakiwa aombe radhi kwa ajili ya udugu. Ameomba radhi ya nini? Akilipa, amekiri. Hakuna hukumu iliyoandikwa anayoweza kuionesha mtu, na hakuna pa kukata rufaa. Msimu wa pili jamvi jengine likipotea, mlango wa kwanza utakaogongwa ni wake, na safari hii watasema, "Si yule aliyelipa?"

Mahakamani anaweza kutoka na kitu ambacho baraza halina: kuonekana hana hatia. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha, bila ya kuacha shaka ya maana, na mahakama ikishamuona hana hatia hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lile lile. Hapa pana mtego mmoja wa kuujua. Kuachiwa kwa sababu Mkurugenzi wa Mashtaka ameamua kutoendelea na kesi siyo kuonekana huna hatia. Kesi ya namna hiyo inaweza kurudi. Siku utakayotoka, muulize hakimu au wakili wako umetoka kwa mlango upi.

Bei yake ni kwamba njia hii inaanza vibaya kabla haijawa nzuri. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa kosa kwa lugha unayoifahamu, haki ya kumjulisha ndugu au wakili, haki ya kunyamaza, na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Katika haki hizo, ile ya kunyamaza ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo isiyotumika. Sisi tumelelewa kuwa mkubwa akikuuliza unajibu, na askari ni mkubwa. Kijana anajieleza, anajikanyaga, anatia saini karatasi ambayo hakuisoma. Maelezo yaliyopatikana kwa kipigo au kwa ahadi hayatakiwi kuwa ushahidi, ni kweli, lakini kuyaondoa mahakamani ni kazi ya wakili wa kulipwa, na kutoyatoa tokea mwanzo ni bure. Sema jina lako, sema unapoishi, sema utaeleza mengine mbele ya wakili. Kwa adabu. Adabu haizuii kunyamaza.

Dhamana nayo haiuzwi, si kituoni wala mahakamani, japo inahitaji watu. Wadhamini kwa kawaida hutakiwa waje na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na barua ya sheha. Kwa hivyo hata aliyeamua kumpita sheha kwenda polisi atarudi kwake kuomba barua. Usitoke barazani kwake umetukana. Asiyepata dhamana husubiri kesi akiwa ndani, na ndani kwetu huitwa Chuo cha Mafunzo, aliyefungwa huitwa mwanafunzi, majina ambayo hayajampunguzia mtu hata siku moja.

Nilimwambia yule ami hivi. Kama kijana kachukua, basi baraza ndilo jema kwake: arejeshe, aombe radhi ya kweli, alipe, aandikiwe karatasi yenye saini za pande zote mbili, na umri wake usianze na kesi. Kama hakuchukua, asilipe hata shilingi. Aende kikaoni kwa heshima, aseme hakutenda, na mwenye ushahidi aupeleke panapohusika. Njia inayofaa inategemea ukweli ambao mimi na wewe hatuujui, anaujua yeye. Ami akanyamaza muda mrefu. Nadhani alitaka jibu lisilohitaji kurudi nyumbani kumuuliza mtoto mara ya pili.

Aliyetendewa: unataka nini khasa?

Kwa bi mjane suala langu lilikuwa jengine: unataka karafuu zako, au unataka aliyekuibia aadhibiwe? Watu hujibu vyote viwili, lakini moja huja kwanza, na hilo la kwanza ndilo la kuchagulia njia.

Kama ni karafuu, baraza lina kasi ambayo mahakama haina. Mahakama inaweza kuamuru fidia baada ya kumtia mtu hatiani, na inafaa umwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unaiomba, kwa sababu usipokumbushia inaweza kupita bila ya kutajwa. Au unaweza kufungua kesi ya madai, peke yake. Lakini mpaka hapo umeshapanda gari mara ngapi kwenda mahakamani Chake Chake, umekaa kwenye benchi, umeambiwa shahidi fulani hakuja na kesi imeakhirishwa. Kwa mjane anayeishi kwa msimu, kila siku ya namna hiyo ni mkarafuu ambao haukuchumwa.

Kama ni adhabu, basi usiku ule ule. Karafuu mbichi zinakauka kwa siku nne tano za jua zuri, na zikishakauka hazina chapa. Mnunuzi wa halali ni mmoja, ZSTC, shirika la biashara la Serikali, na vituo vyake vinajulikana, kwa hivyo polisi wanapo pa kuanzia kuuliza. Lakini zikishachanganywa na za mtu mwengine, hata wewe mwenyewe huwezi kuapa kuwa ni zako. Nilimuuliza kama jamvi lake lina alama. Akasema, "Lina kiraka cha kanga pembeni, nililishona mwenyewe." Nikamwambia hilo ndilo shahidi wake, azisahau karafuu, alitafute jamvi.

Ukienda kituoni, usiondoke bila ya namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, na jina la mpelelezi. Jalada likifika Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, chukua namba yake. Likifika mahakamani, chukua namba ya kesi. Namba tatu, ziandike nyuma ya daftari la skuli la mtoto. Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 1985 azimio la misingi ya haki kwa waathirika wa uhalifu, na ndani yake mna kwamba waathirika waelezwe kesi zao zimefika wapi na maoni yao yasikilizwe. Ni maneno mazuri. Huku chini, anayeelezwa ni yule anayekuja kuuliza na namba mkononi.

Na ujitayarishe kwa jambo moja ambalo hakuna anayewaambia watu. Mahakamani, wakili wa mshtakiwa, au mshtakiwa mwenyewe, atakuuliza masuala kama kwamba wewe ndiye mwongo. Nimewaona kina mama wakitoka wanatetemeka kwa hasira. Ile ni haki yake, kumuuliza shahidi anayemtia hatiani. Bila ya hiyo kesi ingekuwa hadithi ya upande mmoja. Hakimu anaweza kuzuia masuala ya kudhalilisha, na kesi za watoto husikilizwa faragha. Lakini kuulizwa utaulizwa. Barazani huulizwi hivyo. Huko unaulizwa kwa upole, "Lakini na wewe si ulimkasirisha?" Sijui lipi linaumiza zaidi.

Pasipo na njia mbili

Yote niliyosema mpaka hapa ni ya wizi, ugomvi, matusi, ng'ombe aliyeingia kwenye mpunga wa watu. Kuna makosa ambayo nikiulizwa "kwa sheha au polisi" huwa nainuka kutoka kwenye kiti. Kubaka, kulawiti, kumuingilia mtoto, yale tunayoyaita udhalilishaji. Hayo hayana baraza.

Najua kinacholeta jambo hili barazani. Ni muhali, ile haya ya kumkosea mtu wa karibu. Mtuhumiwa ni mjomba, ni jirani aliyesaidia mazishi, ni maalim wa chuo cha Kurani, na mama wa mtoto anaona muhali kumfunga. Kisha mzee mmoja atasema was-sulhu khair, suluhu ni kheri, na kikao kitainamisha vichwa. Aya ipo, haina shaka, ni ya 128 katika Surat an-Nisaa. Isome tokea mwanzo wake: inamzungumza mke anayechelea mumewe kumtupa au kumgeuzia uso, na wawili hao kutafuta suluhu baina yao. Kumtoa mke na mume humo, ukamwingiza mtoto wa miaka tisa na aliyemuharibu, ni kazi ambayo sijamsikia mwanachuoni mwenye ilimu yake akiifanya hadharani.

Sheria nayo imelifunga. Kupokea malipo ili kosa kubwa lisifike kwenye sheria ni kosa lenyewe. Makosa haya yameondolewa dhamana, na tokea 2021 yana mahakama zake maalum.

Kwa aliyetendewa, hesabu ni ya saa, haingoji siku ya kikao. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na zikianza mapema ni bora zaidi. Usimkoshe mtoto, usizifue nguo. Zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki inahifadhi unyevu na unyevu unaozesha ushahidi. Nenda Kituo cha Mkono kwa Mkono, kipo Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa Unguja na Chake Chake kwa Pemba, na vyengine vipo. Hapo daktari, polisi na mshauri nasaha wako pamoja, na mtoto hasimulii jambo lile mlango hadi mlango. Kikao cha sheha kikikaa Jumatatu, kikaakhirishwa Alhamisi kwa sababu mjomba yuko Unguja, saa 72 zimekwisha na hakuna aliyekusudia ubaya.

Na kwa aliyetuhumiwa? Hapa watu hunishangaa. Hata mwanamme anayesema amesingiziwa, nikimpenda namwambia asikubali kikao. Kosa hili likimalizwa kifamilia anabaki nalo maisha. Mtaa utamwita kwa jina hilo mpaka jeneza lake. Njia ya mahakama ni ngumu kwake, maana anaweza kusubiri ndani bila ya dhamana, na kwa sababu hiyo anahitaji wakili siku ya kwanza, si mwezi wa sita. Lakini ndiyo njia pekee yenye mlango wa kutokea. Kinachouziba mlango huo mara nyingi ni muhali ule ule: mashahidi wanafichwa, mtoto anapelekwa kwa shangazi Tanga, kesi inaakhirishwa, mshtakiwa yumo ndani hajahukumiwa, na mtoto yuko Tanga hajapata haki. Familia inadhani imewasitiri wote wawili.

Mtuhumiwa akiwa ni mtoto, chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto Namba 6 ya 2011 ina utaratibu wake: mzazi au mlezi awepo, asichanganywe na watu wazima. Mzazi akimbilie kituoni usiku huo huo.

Nani asimame nawe

Wazee wa mjini bado husema vakili. Sisi tunasema wakili, na kwa sote tatizo ni pesa. Sheria ya Msaada wa Kisheria Namba 13 ya 2018 ipo kwa ajili ya asiyeweza kulipa, na Idara ya Katiba na Msaada wa Kisheria ndiyo inayoisimamia. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kipo tokea 1992, kina ofisi yake Pemba pia. Wanawake na watoto wanaweza kwenda ZAFELA, jumuiya ya wanasheria wanawake. Anayeshtakiwa kwa kuua huwekewa wakili na Serikali.

Mimi na wenzangu wa shehiani tunaweza kukueleza, kukuandikia, kukusindikiza mpaka kituoni na kukaa nawe kwenye benchi. Hatuwezi kusimama mbele ya hakimu kwa niaba yako, na ukimkuta msaidizi wa sheria anayekuomba pesa ili "azungumze na watu", ondoka. Mgao ninaowapa watu ni huu: aliyetendewa aje kwetu mapema kabisa, kwani shida yake ni kujua njia na kutopotea; aliyetuhumiwa kwa kosa zito atupite aende kwa wakili, kwani kila neno atakaloniambia mimi halimsaidii na linaweza kumchelewesha.

Mlango wa kurudi

Jambo la mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi ninapomshauri mtu aliyekwama kati ya njia mbili. Anayekwenda polisi hajaifunga suluhu. Kwa makosa madogo, kama kupigana kwa mikono au jambo la baina ya watu wawili, mahakama yenyewe inaweza kuwahimiza mpatane, mkalipana, kesi ikaishia hapo, na mapatano yenu yakawa na muhuri. Anayeanza kwa sheha, kwa upande wake, mara nyingi anauona mlango wa polisi ukijifunga nyuma yake. Hakuna sheria inayoufunga. Ni ushahidi unaooza. Jeraha limepona bila ya PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi kwa daktari, nguo zimefuliwa, karafuu zimekauka, shahidi amesafiri, na askari atakuuliza, "Siku zote hizi ulikuwa wapi?" Ukiwa huna hakika, andikisha kwanza, suluhisha baadaye. Unayemtuhumu ataumia kidogo kwa kuitwa kituoni, najua. Ila akiwa hakutenda, kuitwa na kuhojiwa kwa utaratibu kunamfaa kuliko kunong'onwa miaka kumi.

Bi mjane alichagua sheha. Kijana alikwenda kikaoni, akasema hakuchukua, na ami yake hakulipa. Kikao kilivunjika vibaya, watu wawili watatu hawakunisalimia kwa wiki nzima. Kesi haikufika polisi.

Mvua za masika zilipoanza bi mjane alinipigia hodi tena, usiku kama siku ile, na safari hii kahawa aliinywa. Alikuwa amekwenda kumzuru mgonjwa shehia ya pili. Akapita uani kwenda kutawadha, akaliona jamvi lake limetundikwa ukutani, na kiraka chake cha kanga pembeni, kwenye nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kuitaja. Akaniuliza suala lake la zamani, kwa sheha au polisi?

Nilisimama. Nikamwambia safari hii ni polisi, sasa hivi, kabla wenyewe hawajaliondoa pale lilipo.

"Litaondolewaje," akasema, "na mimi nishalichukua? Lipo nyumbani. Lilikuwa chafu, nishalikosha."